Kidevu Juu, Bwana Harusi

"Kidevu juu kidogo, bwana harusi. Juu zaidi. Hapo hapo, usishuke."

Osward aliinua kidevu kama alivyoambiwa, na jua la saa sita likammulika mpaka ndani ya pua. Ambakisye alimtazama kupitia kamera. Aliona matundu mawili meusi, macho yaliyojikunja kwa mwanga, na shingo iliyojaa juu ya kola ya shati jipya. Akabonyeza. Akabonyeza tena, taratibu, kwa raha ya mtu anayekunywa maji baridi baada ya kiu ya muda mrefu.

"Safi sana," alisema.

Osward akatabasamu kwa shukrani. Alikuwa mtu mwema, na hilo lilimuudhi Ambakisye kuliko kitu kingine chochote. Asubuhi, walipokuwa bado wanashusha mizigo kwenye gari, alimvuta pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya picha hayajui. Malori anayajua, mpaka anaujua, ila mbele ya kamera anakuwa kama mshtakiwa. Akaomba aelekezwe kila kitu, asione aibu kumkosoa.

"Kaka, mimi nitakuwa kama mtoto kwako," alisema. "Ukisema nigeuke, nageuka."

Na sasa alikuwa anageuzwa.

Walikuwa kijijini Hasamba, kwenye shamba la kahawa la mama yake Brenda. Kahawa ilikuwa imechanua. Matawi yote yalikuwa meupe tangu chini hadi juu, nyuki wakivuma ndani yake, na harufu yake tamu ilijaa kifuani mpaka mtu akashindwa kuvuta pumzi vizuri. Katikati ya weupe huo alisimama Brenda, ndani ya gauni la kitenge cha manjano, mikono wazi, mtandio begani, nywele zimebanwa nyuma. Picha moja ya siku hiyo ingechapishwa kwenye bango kubwa na kusimamishwa mlangoni mwa ukumbi kule Tunduma siku ya harusi. Kila mgeni angesimama pembeni yake apigwe picha. Ukoo wote wa Osward, madereva wake, mawakala wa mpakani, wafanyabiashara wa Nakonde upande wa Zambia, wote wangepita mbele ya bango lile.

Ambakisye alitaka wapite mbele ya matundu yale ya pua. Alitaka Brenda asimame karibu nayo jioni nzima, na kila akigeuka ayaone.

Alikuwa na haki hiyo, kwa hesabu zake. Miaka miwili iliyopita aliingia katika nyumba ile pale juu, yenye bati la bluu, kumposa Brenda. Rafiki yake Danieli alikuwa amejitolea kwenda kama mshenga, amenunua hata viatu. Ambakisye akakataa. Alisema hakuna mdomo utakaomwombea mke vizuri kuliko mdomo wake mwenyewe, yeye mtunga mashairi, aliyeyatunga mapenzi hayo ubeti kwa ubeti. Akaenda peke yake, kifua mbele. Mama alimuuliza anafanya kazi gani. Alipojibu kwamba anapiga picha katika mji mdogo wa Mpemba, mama akacheka, kicheko kifupi, akasema binti yake hataolewa na mtu anayewaambia wenzake wacheke huku yeye mwenyewe hana cha kuchekea. Ambakisye akamtazama Brenda. Brenda alikuwa anatazama sakafu.

Aliinuka bila kugusa soda. Kabla pikipiki haijafika Tunduma, shairi lilikuwa limekwisha kujitunga kichwani. Usiku ule lilikuwa kwenye simu za watu, na baada ya siku chache lilikuwa kwenye midomo yao:

*Mama kashika mizani, binti kamuweka juu,*
*Ampima kama buni, gunia la bei kuu.*

Kicheko cha mama alikuwa amekilipa. Deni la Brenda, la kutazama sakafu, lilikuwa bado. Kwa hiyo Brenda alipompigia simu, bila hata kumwuliza hali, akasema anataka yeye ndiye awapige picha za kabla ya harusi, Ambakisye alikubali.

"Sasa nyote wawili," alisema. "Bwana harusi, rudi nyuma mpaka pale kwenye mkaratusi. Mikono bana mbavuni. Kifua jaza hewa."

Mkaratusi ulikuwa umenyooka nyuma ya kichwa cha Osward kama umeoteshwa pale. Mikono iliyobanwa ilimfanya mnene na mgumu. Ambakisye alikuwa anainua kamera pale Brenda alipogeuka.

Alimtazama Osward, akautazama mti, kisha akamtazama Ambakisye. Mtazamo ule ulipita moja kwa moja kwenye lenzi. Alimshika Osward kiwiko, akamsogeza hatua chache kushoto mpaka mti ukaachana na kichwa. Akauchukua mkono wake mmoja, akauweka kiunoni pake mwenyewe. Akamgeuza bega. Mwishowe akaweka kidole gumba chini ya kidevu cha Osward, akakishusha polepole, na kidole kile kikabaki pale kwa muda kidogo zaidi ya kazi yake.

Ambakisye alihisi kama kidole kile kimewekwa kwenye koo lake.

Kila alichofanya Brenda, Ambakisye alikijua. Walijifunza pamoja, wakati kamera ilikuwa mpya na wote wawili hawajui kitu. Picha ya kwanza aliyompiga ilikuwa kando ya barabara kuu pale Mpemba, na walipoitazama walikuta bomba la moshi la lori limeota kutoka utosini kwake. Walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile kitu chochote kilichoota kichwani mwa mtu waliita bomba. Macho yaliyogeuka mashimo kwa jua la mchana waliita fuvu. Mtu aliyeganda na mikono ubavuni alikuwa askari. Lugha ile walikuwa nayo wawili tu duniani.

"Tuhamie hapa kwenye mwanga," alisema Ambakisye. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Bwana harusi, tazama juani. Usifumbe."

"Fuvu," alisema Brenda kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja jina la mtu anayepita. Akamvuta Osward hadi chini ya kivuli cha mgomba, uso wake ukapoa, macho yakafunguka.

"Fuvu ni nini?" aliuliza Osward.

"Mambo ya picha tu," Brenda alimjibu. "Nitakufundisha."

Ndivyo walivyoendelea. Ambakisye alimpeleka Osward kwenye ubaya, Brenda akamrudisha kwenye uzuri, kila mara kwa mkono wake: mgongoni, shavuni, kwenye kola. Osward alifurahi mno. Alidhani ndivyo kazi inavyofanyika. Alisema hajawahi kutunzwa hivi tangu utotoni, na mama yake Brenda, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba akichambua maharage, aliinua uso mara moja akawatazama, kisha akarudi kwenye ungo wake. Alipofika asubuhi Ambakisye alimpa shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, fundi," kana kwamba hajawahi kumwona. Ambakisye aliamini amesahauliwa, na hilo nalo lilimchoma.

Aliposhindwa kumharibu Osward, alianza kumwacha nje. Alisogeza lenzi, akampiga Brenda peke yake. Brenda anacheka, na kipande tu cha bega la mtu pembeni. Brenda kafumba macho, ua jeupe limeshikwa kwenye nywele. Picha hizi zilikuja zenyewe, nzuri kupita kiasi, na aliiona kila moja kama kitu alichokirudisha kutoka kwa mwizi.

Simu ya Osward ikalia. Lori lake lilikuwa limezuiliwa upande wa Nakonde, na dereva hakusikika vizuri. Osward aliomba radhi, akapanda kilimani kutafuta mtandao, akiita "haloo, haloo" kati ya miti ya kahawa mpaka sauti ikafifia.

Walibaki wawili.

"Umemaliza?" Brenda aliuliza.

"Kazi bado."

"Siulizi kazi. Nauliza kama umemaliza kunilipiza."

Ambakisye alijifanya anafuta lenzi. "Wewe ni mteja wangu. Nikulipize nini?"

"Kidevu juu saa sita mchana. Askari. Bomba la mkaratusi. Ulidhani nimesahau? Nilikuwa nakaa mbele yako tukijifunza hayo, jua linanichoma, sina hata senti, na nilikuwa na furaha kuliko leo."

Alisema hivyo haraka, kisha akauma mdomo, kama limemtoka bila ruhusa. Ambakisye akaliokota palepale.

"Basi kwa nini ulitazama sakafu?"

"Lini?"

"Unajua lini. Mama yako ananicheka, wewe unatazama sakafu. Neno moja tu, Brenda. Ungesema neno moja."

Brenda alimtazama. Macho yake yalikuwa yaleyale, makubwa, ya kahawia iliyokolea, na Ambakisye alilazimika kushika mkanda wa kamera ili mikono yake ipate cha kufanya.

"Binti anayeposwa haongei," alisema. "Ulitaka niinuke niimbe? Nilikuwa nimeshaongea na mama wiki nzima kabla hujaja. Alikuwa amekubali, Ambakisye. Kilichobaki ni kumtukana mshenga."

"Kumtukana mshenga?"

"Ndiyo kazi yake, kutukanwa. Mama anasema kijana wenu hana kazi, mshenga anacheka, anasema kweli mama, ila ana mikono. Mama anasema hana hata ng'ombe, mshenga anasema kweli mama, ndiyo maana hanuki zizi. Watu wanacheka, mama anachoka, soda zinafunguliwa. Kila mtu hapa anajua hivyo. Danieli alijua, alinunua na viatu. Maneno yale hayakuwa ya kukuumiza wewe, kwa sababu wewe hukutakiwa kuwepo. Ukaja mwenyewe ukakaa kwenye kiti cha mshenga, na ukajibiwa kama mshenga."

Nyuki walivuma. Ambakisye alijikuta anatazama viatu vyake.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Nilikuwa nakuja kukuambia. Kesho yake nilikuwa nimeshavaa, naaga nyumbani kwa uongo, nije Mpemba nikucheke, nikubembeleze, nikurudishe na Danieli. Nikiwa hapo barabarani shangazi akanionyesha simu. Akanisomea."

Hakulisoma shairi. Hakuhitaji.

"Unajua lilifika wapi? Lilifika kwenye kituo cha kupimia kahawa. Mama alipoweka gunia lake kwenye mizani, watu kwenye foleni wakaimba mstari wa kwanza, na waliobaki wakaitikia wa pili. Mama yangu, mjane, aliyenisomesha kwa magunia hayo. Tangu siku hiyo hajakanyaga pale. Kila msimu napeleka mimi. Na kwaya ameacha, kwa sababu anadhani kila anayefungua mdomo anamwimbia yeye."

"Nilikuwa na hasira."

"Ulikuwa na sifa. Hasira ingekufanya urudi kunigombeza."

Neno lile lilimwingia mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Aliwaka. Akamuuliza kama Osward ndiye alikuja kumfuta machozi, na kama ni malori ndiyo yaliyomfuta.

"Osward alituma mshenga," Brenda alijibu. "Mama akamtukana hadi koo likamkauka, mshenga akamchotea maji."

"Unampenda?"

"Hilo ndilo nililokuitia." Alipiga hatua moja mbele. Harufu ya mafuta yake ya nywele ilikuwa ileile. "Ningeweza kuchukua mpiga picha yeyote wa Chapwa, pale Tunduma. Nilikutaka wewe, kwa sababu nilitaka unitazame siku nzima na usiwe na ruhusa ya kunigusa. Nilitaka uulize swali hilo ukiwa na kamera shingoni, halafu ujijibu mwenyewe. Umenitazama tangu asubuhi. Umeona nini?"

Ambakisye aliona kidole gumba chini ya kidevu. Alikuwa amekipiga picha.

"Wewe nilikupenda zaidi," Brenda alisema taratibu. "Na ndiyo maana siwezi kukusamehe. Nipe kamera."

Alimpa. Brenda alizipitisha picha moja baada ya nyingine kwenye kioo kidogo, mkono wake ukifunika jua. Alipofika kwenye zile za peke yake alisimama. Alijiona anacheka. Alijiona na ua kwenye nywele. Akairudia ile ya ua mara mbili, na kwa kitambo kifupi Ambakisye alidhani ameshinda.

"Nimekuita kupiga watu wawili," alisema Brenda. "Umepiga unachokitaka wewe. Ndilo kosa ambalo hatukuwahi kulipatia jina."

Akafungua kifuniko cha pembeni, kwa vidole vilivyojua njia, akatoa kadi. Akaifunga kwenye ncha ya mtandio wake, fundo juu ya fundo.

"Hiyo ni kazi yangu," alisema Ambakisye.

"Ni sura zetu. Nitampelekea mtu mwingine azisafishe. Zile nilizomsimamisha mimi zinatosha kwa bango. Zangu za peke yangu nitazifuta kwa mkono wangu leo, kabla sijalala. Hutabaki na hata moja." Alimrudishia kamera. "Una kadi nyingine?"

"Ninayo."

"Iweke. Mama anakuja kupigwa picha."

Alikuja akipita kati ya miti, amevaa gauni lake la shambani, kilemba kimefungwa sawasawa, mikono bado na vumbi la maharage. Hakuharakisha. Alisimama mbele ya Ambakisye kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake.

Ambakisye hakuomba msamaha. Maneno yalikuwepo, ila kiburi kilikuwa kimekaa juu yake. Alichoweza kufanya ni kufanya kazi. Alimwomba mama asogee kivulini. Akatazama nyuma yake, hakuna mti uliosimama kichwani. Akapiga goti moja ili asimtazame kutoka juu. Aliacha mikono yote miwili ionekane, na vumbi lake, na pete nyembamba ya ndoa. Mkono wake ulitaka kumkosea na haukuweza. Mwanga ulimjia mama kutoka ubavuni, ukaonyesha kila mstari wa uso ule kwa heshima.

Kisha, kwa mazoea tu, kama alivyowaambia watu elfu moja, akasema:

"Tabasamu kidogo, mama."

"Nilicheka mara moja mbele yako," mama alisema, "ukanitangaza nchi nzima. Leo sicheki. Nipige hivi hivi."

Kumbe mama alimtambua. Alimjua tangu asubuhi, na ile "marahaba, fundi" alikuwa ameitamka kwa makusudi.

Aliangalia ndani ya lenzi. Hakununa wala hakukunja uso. Alitazama tu, moja kwa moja, bila kupepesa, na Ambakisye upande wa pili wa kioo alitamani kuondoa jicho. Akabonyeza mara moja. Ilitosha.

"Usiniletee mimi," alisema mama akijifuta mikono. "Uso wangu naujua. Itundike unapofanyia kazi, pale wateja wanapokaa."

"Na nisipoitundika?"

"Tutajua kwamba watu unaweza kuwasema tu, kuwatazama huwezi."

Akageuka, akarudi kwenye ungo wake. Brenda alimfuata na hakutazama nyuma. Mtandio ule wenye fundo ulining'inia begani kwake na kupigapiga mgongo kwa kila hatua. Osward aliteremka kilimani akicheka, lori limeachiwa. Alimpa Ambakisye mkono kwa mikono miwili. Alimwambia kwamba hata watoto wakizaliwa, atamtafuta yeye.

Studio ya Mpemba ilikuwa kimya Ambakisye aliporejea. Aliifungua picha kwenye kompyuta, uso wa mama ukajaa kioo. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Hakuna ambaye angejua. Angesema kadi imeharibika, jambo linalowapata wote.

Kidole kilikaa pale.

Alikagua picha kwa jicho la chuki, akitafuta kosa moja la kumruhusu aifute. Mwanga ulikuwa sawa. Mikono ilikuwa sawa. Macho yalikuwa makali kama yamechongwa. Tangu ashike kamera hakuwahi kupiga picha nzuri namna ile, na mtu mwenye kiburi kama chake hawezi kuua kazi yake bora kwa mkono wake. Mama yule alijua hilo pia. Alikuwa amempima na kumpata uzito kamili.

Akaichapisha kwa ukubwa. Akaitundika ukutani, mkabala na benchi la wateja.

Wa kwanza kuja alikuwa msichana aitwaye Tukuswiga, anayetaka picha ndogo za pasipoti avuke kwenda Lusaka. Alikaa upande wa kushoto wa benchi, akahamia wa kulia, akarudi tena kushoto.

"Kaka, huyu mama ana nini? Nikikaa huku ananitazama, nikihamia kule ananitazama."

"Hakutazami wewe."

"Ni mama yako?"

Ambakisye aliinama akanyoosha kitambaa cheupe cha nyuma, ambacho hakikuwa na mkunjo wowote.

"Ni mama mkwe wa mtu," alisema.